Mistari miwili badala ya mitatu: kisa cha chavua ya mahindi huko Njoro

Rasimu ya ripoti ya mwanafunzi ilikuwa na sentensi moja ambayo ingewakosesha kina mama wa kikundi kimoja cha kuzalisha mbegu malipo ya msimu mzima: sampuli yao si chotara, ni mchanganyiko wa mbegu za wazazi wawili. Chini ya sentensi hiyo alibandika picha ya jeli yenye mistari miwili ya zambarau. Picha ilikuwa safi na kazi ya mikono ilikuwa nzuri kuliko ninayoiona kwa wengi. Hitimisho ndilo lililokuwa na kasoro, na ili kuiona ilibidi turudi kwenye jambo la msingi kabisa kuhusu chavua: kwamba kila punje yake inaendesha jeni zake yenyewe.

Nitaanza na shamba. Kikundi kilipewa koo mbili safi za mahindi zipandwe karibu na Njoro, safu kadhaa za mama kwa kila safu ya baba. Anayezalisha mbegu chotara kwa namna hii ana kazi moja ambayo haina likizo: kung'oa mbelewele za safu za mama kabla hazijaanza kumwaga chavua. Mbelewele moja ikisahaulika, mama hujichavusha mwenyewe na kuchavusha jirani zake wa ukoo huohuo, na punje zinazopatikana zinafanana na chotara kwa sura lakini zikipandwa hutoa mahindi mafupi, membamba, ya kusikitisha. Mbegu za kuuzwa dukani hapa Kenya hukaguliwa na KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea. Huu ulikuwa mradi wa utafiti tu, kwa hiyo kupima usafi kuliachiwa maabara yetu, na maabara ikampa mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Mkataba ulisema malipo ya kikundi yatategemea matokeo.

Njia iliyochaguliwa ni ya zamani: elektroforesi ya jeli ya wanga. Unachemsha wanga wa viazi pamoja na bafa, yaani maji yenye chumvi za kutuliza asidi, unaumwaga kwenye trei, unauacha ugande. Unasaga sampuli, unalowesha kipande kidogo cha karatasi ya chujio kwenye maji yake, unakichomeka kwenye mkato wa jeli, kisha unapitisha umeme. Protini husafiri kila moja kwa mwendo wake kulingana na chaji na umbo lake. Ukimaliza, unaipasua jeli kwa uzi na kuimwagia mchanganyiko wa rangi unaowaka pale tu kimeng'enya unachokitafuta, yaani protini inayoharakisha kazi fulani ya kikemia, kinapofanya kazi. Maabara zenye pesa zimehamia kwenye vipimo vya DNA, lakini jeli ya wanga haikuulizi bajeti. Inachotaka ni barafu, subira, na stima isiyokatika saa tisa mchana.

Kimeng'enya chenyewe kilikuwa alkoholi dihaidrojenesi, ambacho kila mtu hukiita ADH. Kazi yake inayojulikana zaidi ni kuokoa mmea uliozama. Mizizi ikikosa hewa, seli huacha kupumua kwa oksijeni na kuanza kuchachusha sukari, na ADH ndiyo inayofunga hatua ya mwisho kwa kugeuza asetaldehaidi kuwa ethanoli. Mwanafunzi wetu ni mtu wa Ahero, amekulia mahali ambapo mto Nyando ukivunja kingo mahindi yanasimama majini siku nzima, kwa hiyo kuhusu mizizi na ADH hakuhitaji kufundishwa. Mche wa mahindi usio na ADH1 hufa haraka ukifunikwa na maji. Hilo Drew Schwartz wa Chuo Kikuu cha Indiana alilionyesha mwishoni mwa miaka ya 1960.

Kwa kupima uchotara, ADH ina sifa nyingine inayopendeza. Jeni yake kuu, Adh1, iko kwenye kromosomu ya 1 ya mahindi, na ina aleli, yaani sura tofauti za jeni hiyohiyo, zinazotofautishwa na jeli: moja hutoa protini inayokimbia, F, nyingine hutoa inayojikokota, S. Ukoo wa mama katika mradi wetu ulikuwa F tupu, wa baba S tupu. Chotara halisi lazima awe na zote mbili.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Kimeng'enya kamili cha ADH kinaundwa na vipande viwili vya protini vilivyoshikana. Seli ya chotara hutengeneza vipande vya F na vya S kwa pamoja, na vipande hivyo hushikana bila kuchagua. Ni kama kutia patipati nyekundu na nyeusi ndani ya gunia moja kisha kuzitoa mbilimbili gizani: mara nyingine nyekundu mbili, mara nyingine nyeusi mbili, na mara nyingi zaidi moja ya kila rangi. Kwenye jeli, jozi za FF zinakuwa mbele, za SS nyuma, na za mchanganyiko, FS, katikati. Mistari mitatu, wa katikati ukiwa ndio mnene. Ukiona mistari hiyo mitatu kwenye kiini cha punje moja ya mahindi, umemwona chotara.

Mwanafunzi alilijua hili na alilithibitisha. Alichukua mbegu chotara alizozitengeneza mwenyewe kwa mkono, akaziloweka, akatoa kiini, akasaga skutelamu, yaani ile ngao ya kiini inayogusana na wanga wa punje, akapata mistari mitatu. Akachanganya maji ya skutelamu ya mbegu za FF na ya mbegu za SS ndani ya kichupa kimoja, akapata mistari miwili tu, kwa kuwa jozi zilizokwisha kushikana haziachani zikabadilishana wenzi ndani ya kichupa. Kwa hiyo alikuwa na kanuni mkononi: mitatu ni chotara, miwili ni mchanganyiko.

Tatizo ni kwamba sampuli ya kikundi aliyopewa alikuwa ameipanda yote. Alitaka pia kuona mimea ikikua, jambo ambalo namsifu nalo. Alipofikia kupima, mahindi yalikuwa yamekwisha kutoa mbelewele. Angepima nini kwenye mmea mzima? Majani hayana ADH ya kutosha. Mizizi ingebidi aichimbe na kuizamisha majini kwanza, na mizizi iliyozama huwasha pia jeni ya pili, Adh2, ambayo huongeza mistari na kuchafua usomaji. Kilichobaki ni chavua. Chavua ya mahindi imejaa ADH bila kuzamishwa mahali popote, na mbelewele moja hutoa mamilioni ya punje. Alikwenda asubuhi umande ulipokauka, akakung'uta mbelewele baada ya mbelewele ndani ya bahasha moja ya kaki ili apate ya kutosha, akairudisha juu ya barafu, akaisaga na mchanga kwenye kinu cha kauri. Jeli ikatoa mistari miwili. FF mbele, SS nyuma, katikati peupe. Akarudia. Miwili tena.

Akatumia kanuni yake, na kwa kanuni hiyo kina mama walikuwa wamechanganya mbegu.

Nilipoletewa rasimu, nilichouliza kwanza ni sura ya mimea. Ukoo safi wa mahindi haufichiki: umejichavusha vizazi vingi hadi umedhoofika, na ukisimama kando ya chotara hata mtoto anautambua. Shamba lenye nusu F tupu na nusu S tupu lingekuwa fupi lote. Tulikwenda na mwenyekiti wa kikundi, mama mtu mzima aliyetangulia mbele bila kutusubiri. Mahindi yalikuwa yamempita kimo. Mwanafunzi akamwonyesha picha ya jeli kwenye simu, akajieleza kwa adabu. Mama akaitazama, akamrudishia simu. "Mwanangu, haya mahindi unayaona lakini?"

Aliyaona. Na hapo ndipo uchambuzi unapoanza kwa kweli, kwa sababu jeli nayo haikuwa imedanganya.

Jibu liko katika namna chavua inavyozaliwa. Mmea wa mahindi una kromosomu 10 mara mbili, seti moja ya mama na moja ya baba. Ndani ya chavulio, seli mama hugawanyika kwa mgawanyiko unaopunguza seti, na kila punje ya chavua inaondoka na seti moja tu. Kwa Adh1 ya chotara, maana yake ni kwamba nusu ya punje zina F na nusu zina S, na hakuna punje yenye zote mbili. Ikiwa punje inajitengenezea ADH yake kwa jeni yake baada ya mgawanyiko huo, basi punje ya F haina kipande cha S cha kushikana nacho. Kila gunia limebaki na rangi moja. Jozi ya FS haina mahali pa kuzaliwa, hata kama mmea uliozaa chavua hiyo ni chotara asilimia mia.

Kukosekana kwa mstari wa katikati, basi, hakuonyeshi kwamba mimea imechanganyika. Kunaonyesha jeni ya nani iliyofanya kazi. Fikiria ingekuwa kinyume: mmea mama unatengeneza ADH mapema, kabla seti hazijaachana, halafu unaipakia ndani ya punje kama masurufu ya safari. Seli hiyo ina F na S, ingeunda FS, na punje zingeibeba hadi kwenye jeli yetu. Hata kama ungepakiwa ujumbe wa RNA tu, yaani nakala ya maagizo ya jeni, wa aina zote mbili, FS ingejitokeza. Haikujitokeza. Kwa mistari miwili tu unajua kwamba ADH ya chavua ni kazi ya chavua yenyewe.

Hili Schwartz alikwisha kuliona, na tangu hapo limekuwa mojawapo ya ushahidi unaoeleweka kwa urahisi zaidi kwamba chavua ina uhai wake wa kijeni. Si mahindi pekee. Mwaka 1981 Steven Tanksley, Dani Zamir na Charles Rick walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa nyanya uliotumia hoja hiyohiyo ya mstari unaokosekana kwa vimeng'enya kadhaa, wakakuta kwamba takriban asilimia 60 ya jeni za vimeng'enya zinazofanya kazi kwenye mmea zinafanya kazi pia ndani ya chavua. Na kabla ya wote hao, mwaka 1924, Demerec, na vilevile Brink na MacGillivray, walionyesha jambo lililo karibu na hili kwa kutumia iodini tu: mahindi yenye aleli moja ya kawaida na moja ya "nta" hutoa chavua ambayo nusu hugeuka bluu-nyeusi na nusu hubaki na wekundu wa kahawia, kwa sababu kila punje hutengeneza wanga wake kwa kufuata jeni iliyoibeba. Jaribio hilo linawezekana katika sekondari yoyote yenye hadubini. Kupata mbegu ya nta ndiyo shida.

Mtu atauliza chavua inahangaika na ADH ya nini ilhali haijazama. Swali zuri. Chavua ina haraka: ikitua kwenye ndevu za gunzi ni lazima iote na kusukuma mrija mrefu ndani ya siku moja hivi, na kasi hiyo inakula sukari nyingi. Imeonekana, hasa kwenye chavua ya tumbaku katika kazi ya Tadege na Kuhlemeier ya 1997, kwamba chavua huchachusha sukari hadi ethanoli hata pale oksijeni ipo tele, jambo ambalo majani ya mmea huohuo hayafanyi. Hata hivyo isidhaniwe kwamba ADH1 ni ya kufa na kupona kwake. Chavua ya mahindi iliyokosa kabisa kimeng'enya hiki hurutubisha vizuri tu.

Uwezo huo wa kuishi bila ADH1 ulifanyiwa ujanja mmoja ambao naupenda kuliko yote katika somo hili. Mwaka 1976 Schwartz na Osterman walianika chavua kwenye alkoholi ya alili. Alkoholi hiyo peke yake haina ubaya mkubwa kwa punje, lakini ADH huigeuza kuwa akrolini, ambayo ni sumu. Punje yenye ADH inajiua kwa kimeng'enya chake, isiyo nayo inapona na kwenda kuchavusha. Kwa njia hiyo unaweza kuchuja mamilioni ya punje kwa dakika chache ukapata mabadiliko adimu ya jeni ambayo shambani ungeyatafuta maisha yako yote. Ujanja huo usingewezekana kama ADH ingekuwa masurufu ya mama, kwa sababu punje zote za mmea mmoja zingebeba shehena moja na kufa pamoja.

Turudi kwenye bahasha ya kaki. Kosa la kwanza la rasimu lilikuwa la kulinganisha: kanuni ya skutelamu ilitumika kuhukumu chavua. Skutelamu ina seti mbili, chavua ina moja. Kama chavua ya zile mbegu chotara za mkono ingepitishwa kwenye jeli hiyohiyo, nayo ingetoa mistari miwili na mjadala ungeishia hapo. Kosa la pili ni baya zaidi kwa maoni yangu, na linatokea katika maabara nyingi kwa sababu ya kubana matumizi: chavua za mimea yote zilitiwa pamoja. Kwenye bahasha ya pamoja, shamba la machotara watupu na shamba la wazazi waliochanganyika hutoa picha moja. Hakuna jicho litakalotofautisha. Jeli haikuweza kumkana mama yule, wala haikuweza kumtetea.

Dawa yake ni kusoma mmea mmoja mmoja. Jioni tulifunika mbelewele kwa mifuko ya karatasi, kwa kuwa chavua ya mahindi husafiri na upepo na ile ya jirani hulala juu ya majani yako. Asubuhi tukakung'uta kila mfuko kivyake. Hapo usomaji unageuka kabisa: mmea mmoja ukitoa FF na SS kwa pamoja, una aleli zote mbili, ni chotara, hata bila mstari wa katikati. Mmea ukitoa FF pekee, ni mtoto wa mama aliyejichavusha. Tulichanganya rangi: ethanoli, NAD, ile chumvi ya tetrazoli inayogeuka zambarau, na PMS ya kupitisha elektroni. Trei ikaingia kabatini gizani kwenye joto, kwa sababu mwanga huiharibu PMS na jeli nzima hugeuka rangi ya matope.

Ilipotolewa, mistari miwili ilijipanga njia baada ya njia. Halafu, pembeni, njia chache zenye mstari mmoja: FF. Mwanafunzi alinyamaza. Tukafungua daftari la shamba na kukuta kwamba mimea hiyo ilikuwa ile mifupi iliyoandikwa "dhaifu, pengine wadudu." Hawakuwa wadudu. Kulikuwa na mbelewele zilizochelewa kung'olewa.

Kwa hiyo rasimu ilikuwa na chembe ya ukweli iliyofikiwa kwa hoja isiyo sahihi. Mwenyekiti alipoambiwa hakubisha. Alisema kuna safu ya chini, upande wa mtaro, ambayo mvua iliwazuia kuingia kwa siku kadhaa wakati mbelewele zinachomoza, kwa kuwa udongo ulikuwa unashika magoti. Ripoti mpya ilisema mbegu ni chotara, zikiwa na mimea michache ya kujichavusha, na kiasi hicho kilikuwa ndani ya kile mkataba uliruhusu. Kikundi kililipwa.

Kuna jambo moja ambalo kisa hiki hakikulimaliza, na nimemtaka mwanafunzi aliandike wazi. FF pamoja na SS kwenye mmea mmoja inathibitisha kwamba mama hakujichavusha. Haithibitishi baba ni nani. Aleli ya S si adimu, na chavua iliyopeperuka kutoka shamba la jirani lenye S ingeacha alama ileile. Umbali kati ya mashamba unapunguza hatari hiyo lakini Njoro mashamba yamebanana. Itabidi kuongeza jeni ya pili ambayo ukoo wa baba unayo na majirani hawana, na tumeanza kujaribu fosfoglukomutesi. Kimeng'enya hicho ni cha kipande kimoja, hakiundi jozi, kwa hiyo chotara hutoa mistari miwili kwenye skutelamu na miwili kwenye chavua. Kama tungeanza nacho, kisa hiki kisingetokea. Wala mwanafunzi asingejua kwamba chavua ina mambo yake. Safari hii chavua ya chotara anayejulikana ndiyo inayokaa njia ya kwanza ya kila jeli, na kila mfuko una namba ya mmea wake.